Mikono Mbele, Mlango Wazi

Siku nilipoacha kazi ya kuwasindikiza wanawake kwenda hija, mtoto wangu Nuru alikuwa mgongoni, amelala. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha la ofisi yetu ya hija pale Butembo, maana viti vyote vilikaliwa na familia za wahujaji. Ulikuwa mkutano wa kutayarisha msimu unaokuja. Président wetu, ndivyo tunavyomwita mkuu wa ofisi hata kama watu wake wote hawajazi mabasi mawili, alikuwa amefikia habari ya Mina, pale bamama wetu, akina mama wa kundi, walipobanwa mlangoni msimu uliopita. Nilifikiri ataomba msamaha. Nilikuwa hata nimetayarisha uso wa kusamehe.

Akasema, kwa ile sauti yake ya kutuliza watu: “Ile ajali ilitoka kwa batu betu, tusidanganyane. Bamama ba huku banatembeaka na mikono nyuma. Kifua inabaki wazi, banabanwa. Mama Nuru mwenyewe njo alitufundisha ile.”

Watu wakanigeukia. Kisha akaendelea kusema kwamba kampuni ya kule inayotupangia mahema ni ileile, njia ya kutokea ni ileile, na amekwisha kukubaliana nao: mwaka huu wanawake wa Afrika watatoka mwisho, wengine wote wakishapita. Kwa usalama wao. Kwenye kiti cha mbele alikaa mama yangu mzazi na kilemba kipya, akikubali kila neno kwa kichwa. Msimu uliopita yeye alibaki na Nuru ili mimi niende kazini. Mwaka huu ni zamu yake ya kuhiji, na mtu mwenye furaha hana maswali.

Hapo ndipo subira yangu ilikatika. Nikasema: “Président, mikono ya bamama haikufunga mulango.”

“Mama Nuru, ngoja kwanza. Tutaongea ile kwa bureau.”

“Tuko kwa bureau,” nikamjibu, maana ofisi yenyewe ndiyo hiyo tuliyokuwa ndani yake.

Mtu mmoja alicheka nyuma. Nikavua filimbi shingoni, nikaiweka juu ya meza yake pamoja na kile kitenge ambacho kundi zima huvaa, nikatoka. Nuru hakuamka. Kustaafu kwa mtu ambaye mtoto wake bado anabebwa kunachekesha, najua. Nchi hii ina wazee wanaong'ang'ania kiti mpaka kiti ndicho kinastaafu. Lakini nimestaafu. Na kwa kuwa kuna wadogo zangu wawili wa kazi watakaookota ile filimbi, nawaandikia hapa kazi yenyewe, kabla ya mtu kuwaelezea vingine.

Nilianza nikiwa nimetoka tu kupata diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari. Kazi ilikuwa kupokea simu na kuandika majina ya wahujaji vizuri, kwa sababu mpakani mtu mwenye herufi moja tofauti anageuka kuwa mtu mwingine. Siku ya kwanza aliingia mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, hakuniangalia uso, aliniangalia miguu. Alikuwa Hadja Zaituni, mzaliwa wa Kamango, aliyekua akivuka mpaka wa Uganda na mawese, na ambaye alikuwa akisindikiza wanawake wa Beni na Butembo kwenda Makka tangu mimi sijui kusoma. Akauliza nani aliweka msichana mwenye miguu kama hii kwenye kiti. Wiki ileile nikawa msaidizi wake.

Kazi ya msindikizaji wa wanawake, mkiuliza watu, ni kuomba dua na kushika mikoba. Si kweli. Kazi ni kuwatoa watu wengi mahali pembamba bila mtu kuanguka. Kuhiji wanajua wenyewe, wamejifunza miaka. Wasichojua ni umati, na huku kwetu hakuna pa kuujifunzia. Sisi Waislamu wa Butembo tukikusanyika wote siku ya Idi, kuku anaweza kuvuka katikati yetu bila kuharakisha.

Kwa hiyo shule yangu ya kwanza ilikuwa nje ya kanisa. Siku ya Pasaka Hadja alinipeleka tukasimama ng'ambo ya barabara wakati misa inaisha, sisi wawili na vilemba vyetu. Baba mmoja Mkatoliki, mtu mwema, alitusogelea akauliza kama tunamtafuta mtu.

“Hapana mutu, papa,” Hadja akamjibu. “Tuko najifunza kutoka.”

“Kutoka? Na hamujaingia bado?”

Alienda akicheka peke yake. Hadja akanionyesha mlango. Akaniambia nisiangalie nyuso, niangalie mabega. Watu wanapotembea, kila bega lina mwendo wake. Mabega yakianza kuyumba pamoja kama majani ya mtama na miguu haisogei, hapo hakuna tena kutembea, kuna kubebwa. Akanifundisha kutoka kwa kukata upande kidogokidogo, kila msukumo unapolegea, na si kurudi nyuma kushindana nao. Akanifundisha kwamba kandambili iliyochomoka ni ya Mungu, usiinamie. Na jambo moja ambalo nimelirudia kwa kila kundi: “Aliye nyuma hana ubaya. Hana macho tu.” Anayesukuma huko nyuma haoni kwamba mbele kumefungwa. Usimtukane. Mtafute aliyefunga.

Wakati ule nilidhani ni maneno ya busara tu ya mtu mzima. Yalikuwa maelekezo ya kazi.

Jambo la mikono nililiona mimi, na kwa kuwa sasa limegeuzwa kuwa kisingizio, nitalieleza lilivyo. Tulikuwa tunafanyia mazoezi Rughenda, kwenye majani karibu na uwanja wa ndege. Nusu ya kundi inasimama, nusu inasukuma polepole kutoka nyuma. Niliona kwamba kila tukiwasukuma, mikono ya bamama wetu inaenda mgongoni. Mmoja, wa pili, wote. Hata yule ambaye kitinda mimba wake ameshaoa. Walikuwa wanashika mtoto. Miaka yao yote ya sokoni na shambani, wakisukumwa, kitu cha kwanza ni kumlinda aliye mgongoni, na mikono haikupata habari kwamba mtoto ameshakua. Kifua kinabaki bila kitu cha kukilinda, na kwenye umati mtu anahitaji mikono mbele, imekunjwa, ili mapafu yapate nafasi ya kupumua.

Hadja aliniangalia akasema mimi nina mtoto mchanga, nitafute dawa. Dawa ilikuwa maharagwe. Kila mama alifunga furushi la maharagwe kifuani kwa kitenge, na nikawa napiga filimbi: “Mutoto iko mbele!” Mikono ikaja mbele. Koko Kanyere, yaani Bibi Kanyere, mkulima wa viazi kutoka Masereka aliyeingia Uislamu kwa ndoa na kubaki nao kwa kupenda, alilipa furushi lake jina la mwanawe Kambale, akawa analikaripia kwa uzito. Mwisho wa mazoezi alilipeleka nyumbani akalipika. Akasema amemsamehe.

Mpaka siku ya safari, nilikuwa ninaweza kupiga filimbi katikati ya soko na mikono ya kundi zima ikaja mbele kabla ya vichwa kugeuka. Hilo nalisema kwa kujivuna na sioni haya. Mkichukua kazi hii, msiende mpaka mmefika hapo.

Vyombo vya kazi ni vichache. Filimbi. Kitenge cha rangi moja kwa kundi zima, rangi ya kupiga kelele, mtu asiionee aibu. Chupa ya kunyunyizia maji usoni, ile ya wasusi. Viatu vyenye mkanda wa nyuma. Na mwanamke mrefu wa kutangulia. Wetu alikuwa Mama Yasmini wa Beni, ambaye babu yake alikuwa Mgiriki mfanyabiashara wa kahawa, na ambaye kutoka utoto watu wanamtania kwamba ni muzungu aliyesahauliwa na ndege. Juu ya kichwa chake kitenge chetu kilionekana kutoka mbali. Koko Kanyere alikuwa anatembea nyuma yake akishika mkanda wa mkoba wake. Kushika, si kufunga: kinachoshikwa kinaweza kuachiwa.

Njiani mtajifunza kwanza unyonge wa hapa nyumbani. Sisi tunatoka kwa barabara kupitia mpaka wa Kasindi, lakini kabla ya hapo kuna kuwachukua wa Beni, na vizuizi vya Beni havipendi vilemba. Msimu mmoja wa nyuma askari, kijana aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, aliniambia kwa Lingala nitoe kilemba aone ninaficha nini. Watu wa porini, waasi wanaojidai Waislamu, wametuulia jamaa, wametuchomea mashamba kama wengine wote, lakini sisi ndio tunaulizwa habari zao, kwa sababu ya nguo. Hadja alimjibu yule askari kwa heshima, akamwomba amwite mwanamke akague. Tukakaguliwa na mwanamke. Tukapita. Hakuinua sauti, hakutoa kilemba. Ninawaambia ili mjue kwamba kuna njia ya kukataa inayopita kizuizini.

Halafu unafika kule, na kilemba hakina shida tena, kila mtu anacho. Shida inakuwa ngozi.

Nisieleweke vibaya. Mimi nililia nilipoiona Kaaba, na ningelia tena leo. Kule mwanamke kutoka Indonesia nisiyejua jina lake alinyunyiza maji kwenye shingo ya Koko bila kuulizwa, akaifuta kama shingo ya mama yake. Sehemu kubwa ya watu ni hivyo. Lakini kuna ya pembeni. Kuna yule anayesogeza mkeka wake ukikaa karibu. Kuna lifti ya hoteli ambayo ghafla imejaa. Kuna foleni ya chakula ambapo kila nchi inaitwa kwa jina lake na sisi tunaitwa “Afrika, Afrika,” kama watu wanaofukuza mbuzi. Na kuna neno moja la kwao, linalomaanisha watumwa, ambalo wengine humwita mtu mweusi wakidhani haelewi. Hadja alinifundisha neno hilo kabla ya safari ya kwanza, kama anavyofundisha jina la ugonjwa. Akasema nikilisikia nisijibu, nihesabu watu wangu. Hija haina ugomvi. Misimu yote nilifuata hivyo. Nililisikia, nikahesabu watu. Nimekuwa hodari sana wa kuhesabu.

Msimu uliopita Hadja hakwenda, magoti yalimkataza. Nilikuwa msindikizaji mkuu.

Mina ni mji wa mahema. Kundi letu lilipangwa mwisho wa njia nyembamba, uzio huku na huku, na mwisho wake mlango wa chuma unaotokea barabara kubwa ya kwenda kutupa mawe kwenye nguzo za shetani. Kila kundi linapewa saa yake ya kutoka, ili barabara isijae. Ni mpango mzuri, ukifuatwa. Wanaume wetu walikuwa wametolewa upande mwingine. Président alikuwa ameondoka na gari ya wakubwa wa kampuni. Saa yetu ilifika, nikawapanga bamama, tukaenda mlangoni. Kundi lingine la kampuni ileile lilikuwa pale, lenye saa ileile, watu weupe weupe kwa rangi. Mlinzi wa mlango, mfanyakazi wa kampuni, alifungua, akaanza kuwapitisha mmoja mmoja, wao na sisi tukiwa tumechanganyika.

Mama Yasmini alifika. Mlinzi alimwangalia uso, akasogea, akampitisha. Nyuma yake Koko Kanyere, bado ameshika mkanda wa mkoba. Mlinzi aliweka mkono kati yao.

“Afrika, baadaye.”

Nilifika mbele, nikamwonyesha bangili za utambulisho. Ya Yasmini na ya Koko: rangi moja, kundi moja. Kitenge kimoja. Saa moja. Hakuangalia bangili. Aliwapitisha wale wengine mpaka wakaisha, akafunga, akamwambia mwenzake neno lile. Mwenzake akacheka. Nilihesabu watu wangu.

Nilipofika kwenye hesabu ya nyuma, nikaona kwamba njia inajaa. Makundi mengine ya Afrika yaliyopangwa saa iliyofuata yalikuwa yanakuja, kwa haki yao, wakiimba, bila kujua kwamba mbele kumefungwa. Hawakuwa na ubaya. Hawakuwa na macho tu. Jua lilikuwa juu ya kichwa na ule uzio haukuwa na pa kukatia upande. Nikaona mabega yanaanza kuyumba pamoja.

Nilipiga filimbi. Nataka hili lisomwe polepole: mikono ilikuja mbele. Yote. Katika joto lile na hofu ile, bamama wa Butembo na Beni walikunja mikono vifuani kama tulivyofanya Rughenda, na wakawaonyesha wageni wa pembeni wafanye vile, na wale wakafanya. Nilimwona Koko Kanyere. Alikuwa ameminywa kwenye mlango wenyewe, uso kwenye chuma, mikono yake miwili imekunjwa kati ya kifua na nondo. Nilijitia nyuma yake, nikaegemeza mikono yangu kwenye chuma huku na huku ya kichwa chake, nikawa kama mlango wa pili. Nilimwambia apumue kidogokidogo. Alikuwa ananiambia kwa Kinande nisimame vizuri, nitaumia. Kisha nikasikia mfupa wake ukikatika. Unasikika kama kuni.

Aliyetuokoa ni Yasmini. Alikuwa ng'ambo, barabarani, huru, anaweza kwenda kutupa mawe yake na kumaliza. Alirudi kwenye mlango, akamwona Koko, akaanza kumlilia mlinzi afungue. Mlinzi akamwonyesha aendelee mbele. Basi Yasmini akamkimbilia afisa wa serikali aliyekuwa anaongoza watu barabarani, akamshika mkono, jambo ambalo mwanamke hafanyi kule, akamvuta. Yule afisa alikuja amekasirika. Akaona. Uso wake ulibadilika, akapaza sauti mara moja tu, na mlango ukafunguliwa, na pembeni ukafunguliwa mwingine ambao hatukujua kwamba upo. Watu wakatoka kama maji. Yeye mwenyewe alimbeba Koko mpaka kivulini, akamwagia maji yake ya kunywa. Mungu amlipe. Siku yote sikuona mtu wa kampuni aliyefanya nusu ya hayo.

Hakufa mtu. Koko Kanyere alivunjika mkono wa kulia na mbavu. Mawe yake alitupiwa na Yasmini, inaruhusiwa kwa mgonjwa. Jioni, hemani, Yasmini alikaa karibu naye, hakula. Mwishowe akaniambia: “Alinifungulia kabla nimuonyeshe kitu. Maisha yangu yote munanitaniaka muzungu, nachekaka. Leo njo mara ya kwanza imeniuma.”

Kampuni ilituma msimamizi na boksi za juisi. Akasema ni joto, ni wingi wa watu, pole sana. Président alikuja baadaye akasema pole, na tusichafue hija yetu kwa maneno. Nilimwomba aandike malalamiko palepale, na mashahidi wapo na bangili ziko mikononi. Akasema tutaongea Butembo. Tulipofika Butembo akasema tungoje hasira ishuke. Hasira yangu ina tabia mbaya, haishuki ikingojeshwa. Lakini nilingoja, kwa sababu nilikuwa mwanafunzi wa Hadja na nilijua kuhesabu.

Koko amerudi Masereka. Mkono umeungana vibaya, vidole havikunjiki. Hawezi kushika jembe. Majirani zake, Wakatoliki watupu, walimlimia viazi vya msimu huu bila kuombwa, halafu wakamuuliza hija ilikuwaje. Akawaambia ilikuwa nzuri sana, ila mlango.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani siku ile ya mkutano, Président alipochukua kitu nilichokigundua mwenyewe Rughenda na kukitumia kumsafisha yule mlinzi wa mlango. Mlinzi alitupanga kwa rangi. Sawa, ni mgeni, hanijui. Lakini yule anayenijua, anayemjua Koko kwa jina, alipokubali tutoke mwisho, alikuwa anafunga mlango uleule kutoka huku Butembo, kwa ufunguo wake. Na kutoka mwisho maana yake ni kungoja ndani ya ile njia nyembamba wakati nyuma kunajaa. Mtu yeyote aliyewahi kusimama nje ya kanisa siku ya Pasaka angemwambia.

Nilipotoka pale nilienda moja kwa moja kwa Hadja Zaituni, na Nuru mgongoni. Nilijua atanikaripia kuhusu subira. Alinisikiliza mpaka mwisho, akinyoosha magoti yake. Kisha akasema: “Subira ni ya Mungu. Mulango ni ya mutu.” Akaomba karatasi tuandike malalamiko. Akataka awe wa kwanza kutia sahihi, kabla hata sijaandika kitu juu yake.

Mama yangu ndiye alikuwa mgumu. Alilia kwamba nitamharibia safari, kwamba ofisi itamwondoa, kwamba watu watasema binti yake anapigana na nyumba ya Mungu. Nilimwambia nyumba ya Mungu sina neno nayo. Nilimsimamisha uani, nikamsukuma kidogo kutoka nyuma, bila kumwambia. Mikono yake ikaenda mgongoni. Akaiangalia. Jioni aliniambia nimfundishe, na kwamba yeye pia atatia sahihi, lakini jina lake liandikwe vizuri.

Koko alitia kidole cha mkono wa kushoto. Yasmini alisaini kirefu, majina yote, hadi la babu.

Niliyapeleka malalamiko mwenyewe Beni, kwa kamati ya mkoa inayosimamia safari za hija. Katibu, mtu mpole, alisoma ukurasa wa kwanza akauliza kama hatuwezi kuongea tu, kindugu. Nilimwambia tutaongea kindugu akishapiga muhuri. Alipiga muhuri kwenye nakala zote. Nawaachia moja, wadogo zangu, pamoja na filimbi iliyobaki mezani kwa Président. Imeandikwa hivi.

MALALAMIKO
Kwa Kamati ya Mkoa ya Safari za Hija, Beni
Nakala: Mkuu wa Ofisi ya Hija, Butembo, Kampuni ya mahema, Mina

Sisi tuliotia sahihi hapa chini, wahujaji wanawake wa Butembo, Beni na Lubero, na wasindikizaji wao, tunalalamika kwamba msimu uliopita, huko Mina, saa yetu ya kutoka ilipofika, mlinzi wa kampuni alifungua mlango kwa watu wa rangi nyeupe na kuufunga mbele ya watu weusi wa kundi lenye saa ileile. Mwenzetu mmoja mwenye rangi ya maji ya kunde alipitishwa. Aliyekuwa ameshika mkoba wake alizuiwa. Walikuwa na bangili moja. Wote wawili wametia sahihi.

Kufungwa huko kuliwabana watu kati ya chuma na makundi yaliyokuwa yanakuja nyuma, ambayo hayana kosa. Mama Kanyere alivunjika.

Imesemwa mkutanoni Butembo kwamba aliumia kwa sababu wanawake wetu wanaweka mikono nyuma. Mkono wake uliovunjika ulikuwa mbele, kati ya kifua na nondo. Mkono ulio nyuma hauvunjiki kwenye chuma kilicho mbele. Aje daktari yeyote auangalie. Mwenye mkono yuko Masereka, anapatikana kila siku, kwa kuwa hawezi tena kwenda shambani.

Tunadai: mapatano ya kuwatoa wanawake wa Afrika mwisho yafutwe. Kila kundi litoke kwa saa yake. Mlango wa pembeni uwe wazi, na msindikizaji wetu mmoja asimame mlangoni pamoja na mlinzi. Yasipokubaliwa kwa maandishi, hatutaingia katika mahema ya kampuni hiyo, na mama mzazi wa mwandishi, ambaye jina lake limo katika safari ya mwaka huu, atakuwa wa kwanza kukataa.

Mikono yetu itakuwa mbele. Hilo tumejifunza, na tutawafundisha wengine.

Pole tumekwisha kupewa, tunashukuru, msitupe nyingine. Tupeni jina la aliyefunga mlango, na la aliyekubali ufungwe tena.